Kuandika Kiingereza bila kukosea vitenzi na vihusishi: mwongozo kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili

Mwanza ni mji wa Kiswahili, na Kisukuma pia ukisogea kidogo nje ya mji, lakini karatasi zake nyingi ni za Kiingereza. Kijana anayeomba kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara huandika barua kwa Kiingereza. Mzigo wa minofu unaokwenda Ulaya husafiri na nyaraka za Kiingereza. Ofisa wa uvuvi akiandaa taarifa itakayosomwa Kisumu na Jinja, ataiandika kwa Kiingereza, maana Ziwa Victoria ni moja ila nchi ni tatu. Kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha barua hapa mjini, na ninachokiona ni kwamba watu wana msamiati wa kutosha kabisa. Kinachowaangusha ni kitenzi, na kile kineno kidogo kinachokifuata, yaani kihusishi: in, on, at, to, for, of.

Makosa haya hayaji ovyo. Mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe, na ukijua yanatokea wapi unaweza kuyavizia kabla barua haijaondoka mkononi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba karibu kila kitu ndani yake: mtendaji, wakati, anayetendwa, hata anayetendewa. "Nitakuandikia" ni neno moja tu. Kiingereza kinasema "I will write to you", maneno matano. Ile "-ia" ya mwisho ndiyo iliyotoka nje ikawa "to". Anayetafsiri kichwani huisahau huko njiani, akaandika "I will write you", au siku nyingine akaweka kihusishi mahali pasipohitaji. Mwongozo huu unafuata njia hiyohiyo: kila hatua inaanzia kwenye Kiswahili, halafu inaangalia Kiingereza kinataka nini.

Hatua ya kwanza: andika, kisha pigia mstari kila kitenzi

Usisahihishe huku unaandika. Maliza barua yote, hata kama ina makosa, kisha ichukue tena na upigie mstari kila kitenzi. Kwenye simu unaweza kukikoleza. Halafu kila kitenzi ukiulize maswali matatu: Nani anatenda? Lini? Na mbele yake kinataka nini? Ukiuliza yote matatu kwa pamoja utachanganyikiwa. Pitia barua mara tatu, kila safari na swali lake.

Hatua ya pili: nani anatenda

Katika "kampuni inasafirisha samaki", ile "i-" inamtaja mtendaji. Kiingereza cha sasa kimebaki na kiambishi kimoja tu cha namna hiyo kwenye vitenzi vya kawaida, nacho ni "-s" ya nafsi ya tatu umoja: "The company exports fish." Wengi wanaijua kanuni hii tangu sekondari. Wanaiacha pale mtendaji anapokuwa mbali na kitenzi chake. Mtu anaandika "The price of the nets in the shops depend on the season" kwa sababu neno lililo karibu na kitenzi ni "shops". Kinachotegemea msimu ni bei. Ruka maneno ya katikati, usome "The price depends", na utaona mwenyewe.

Kosa la pili linaonekana kwenye barua nyingi mno: "Am writing to apply", "Am a graduate". Mdomoni "I'm" inasikika kama "am", na kwa kuwa Kiswahili hakihitaji "mimi" kabla ya "ninaandika", mwandishi haoni kwamba kuna kitu kimepungua. Kwenye maandishi sentensi hiyo haina mtendaji. Andika "I am writing". Katika barua rasmi hata "I'm" iache.

Kwenye ukanushi Kiswahili kinakusaidia. Tazama "hakuenda". Ile "-ku-" imeshasema kwamba jambo ni la zamani, na "-enda" imebaki ilivyo. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "did" imeshabeba wakati, kwa hiyo kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo. "He did not go." Ukiandika "did not went" umetaja wakati mara mbili.

Kuna kiambishi kingine kinachovuka mpaka bila ruhusa, kile cha mtendwa. Tunasema "ripoti uliyoiomba", na ile "-i-" ni ya ripoti. Ndiyo maana tunaandika "the report which you requested it". Katika Kiingereza "which" inatosha yenyewe. Futa "it": "the report which you requested".

Hatua ya tatu: lini

Hapa "-me-" ndiyo yenye matatizo. "Nimemaliza chuo mwaka 2019" ni Kiswahili safi. "I have finished college in 2019" si Kiingereza sahihi. Ukishataja mwaka, siku au "jana", umelifungia jambo hilo kwenye wakati uliopita, na Kiingereza kinataka "I finished college in 2019". Umbo la "have" linakaa pale usipotaja wakati na matokeo yanahusu leo: "I have finished college", yaani sasa niko tayari kwa kazi. Chukua mfano wa sangara wa ziwa letu. "Nile perch was introduced into Lake Victoria in the 1950s", kwa sababu miaka imetajwa. Lakini "Nile perch has changed the fishing industry", kwa sababu mabadiliko hayo bado tunayaishi. Kwa sababu hiyohiyo "nimezaliwa Sengerema mwaka 1998" inakuwa "I was born in Sengerema in 1998". Kamwe si "I have been born", wala "I born".

Inayofuata ni "-na-" ikiambatana na "tangu". "Nafanya kazi hapa tangu 2020" hutufanya tuandike "I am working here since 2020". Kiingereza kinaiona kazi hiyo kama kitu kilichoanza nyuma na kikafika leo: "I have worked here since 2020", au "I have been working here since 2020". "Since" hufuatwa na mahali jambo lilipoanzia, kama mwaka, mwezi au tukio. "For" hufuatwa na urefu wa muda: "for five years". Ukiandika "since five years" umezichanganya.

Hiyohiyo "-na-" inatubebesha "I am having a diploma" na "I am knowing how to use a computer". Vitenzi vya hali, yaani kuwa na kitu, kujua, kutaka, kuhitaji, kuamini, kuelewa, kwa kawaida havipendi "-ing". Andika "I have a diploma" na "I know".

Na kuna "nitakapofika". Kiswahili kinaweka "-ta-" ndani yake, kwa hiyo kalamu inaandika "When I will arrive". Baada ya "when", "if", "before", "until" na "as soon as", jambo la mbeleni huandikwa kwa wakati uliopo: "I will call you when the boat arrives." Ile "will" inakaa upande mmoja tu wa sentensi, upande wa jambo kuu.

Hatua ya nne: kitenzi kinataka nini mbele yake

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo inayopitiwa haraka shuleni. Watu wanafundishwa vihusishi peke yake, kama orodha, na vitenzi peke yake, kama orodha nyingine. Kwenye sentensi viwili hivi huenda pamoja. Usijifunze "depend", jifunze "depend on". Usijifunze "apply", jifunze "apply for a job, apply to a company".

Anza na vitenzi visivyotaka kihusishi chochote. "Tulijadili kuhusu bei" hutuletea "We discussed about the price". Ondoa "about": "We discussed the price." Wenzake ni "emphasize", "mention", "contact", "reach", "attend", "answer" na "lack". Kadhalika "enter" ukiwa unaingia mahali, na "request" ukiwa unaomba kitu. Hakuna "request for a loan" pale "request" inapokuwa kitenzi. Ni "I request a loan". Kinachowachanganya watu, na wana haki ya kuchanganyikiwa, ni kwamba maneno haya yakigeuka kuwa nomino kihusishi kinarudi. "We discussed the price", lakini "a discussion about the price". "We requested ice", lakini "a request for ice". "The report emphasizes hygiene", lakini "emphasis on hygiene". "We lack nets", lakini "a lack of nets". Kabla hujaweka kihusishi angalia kwanza kama neno lako ni kitenzi au ni nomino. Swali hilo peke yake litakuondolea makosa mengi.

Halafu wako wasioweza kutembea bila kihusishi. Kiswahili kinasema "nisikilize", "nisubiri", "nijibu", na mtu yumo ndani ya kitenzi. Kiingereza kinasema "listen to me", "wait for me", "reply to me". "Nieleze" ni mtego wa pekee, kwa sababu "explain me" inasikika sawa kabisa masikioni mwetu. Kinachoelezwa ndicho kinachokuja kwanza: "Please explain the delay to me." Wengine wa kukariri pamoja na vihusishi vyao: "look for" kwa kutafuta, "ask for" kwa kuomba kitu, "belong to", "refer to", "participate in", "graduate from", "consist of", "complain about".

Kwa "say" na "tell" Kiswahili kinakupa jibu bure. "Say" ni kusema, "tell" ni kuambia. Huwezi kusema "aliambia kwamba mzigo umefika" bila kumtaja aliyeambiwa, sikio linakataa. "He told that the cargo had arrived" nayo inakataliwa kwa sababu hiyohiyo. Ama "He said that the cargo had arrived", ama "He told us that the cargo had arrived".

Tulia kidogo kwenye "pay", kwa kuwa katika mji wa biashara kama huu ndicho kitenzi kinachoandikwa kila siku. Umenunua samaki pale Mwaloni, Kirumba. Mtu unayempa fedha hufuata kitenzi moja kwa moja: "We paid the fisherman." Kiasi nacho hufuata moja kwa moja: "We paid 300,000 shillings." Kitu ulichokinunua kinadai "for": "We paid for the fish." Vyote vikikutana, mtu hutangulia, kiasi hufuata, kitu humalizia: "We paid the fisherman 300,000 shillings for the fish." Ukiandika "We paid the fish", umesema kwamba sangara ndiye aliyepokea fedha. Kwa ankara na madeni "for" haitakiwi: "pay the bill", "pay the invoice", "pay the tax".

"Supply" nayo ina njia mbili, na kila moja ina kihusishi chake. Ukianza na bidhaa ni "to": "We supply ice to the factory." Ukianza na mteja ni "with": "We supply the factory with ice." Maana ni ileile. Kosa huja pale unapoanza na mteja kisha ukasahau "with".

Kukopa na kukopesha tunavitofautisha vizuri, kwa hiyo fuata hivyo: kukopa ni "borrow from", kukopesha ni "lend to". Neno "azima" ndilo linalotupoteza, kwa kuwa wengi wetu tunalitumia kwa pande zote mbili.

Sasa kauli ya kutendwa. "Nimeibiwa simu" ni sentensi yetu nzuri sana. Ikiingia kwenye taarifa ya polisi au ya bima kama "I was stolen my phone", inasomeka kwamba aliyeibwa ni mwandishi. Andika "My phone was stolen". Jaribio la kutumia ni hili: rudisha sentensi kwenye kauli ya kutenda, kisha uone kama mtu anaweza kukaa mara tu baada ya kitenzi. "They gave me a letter" inakubalika, kwa hiyo "I was given a letter" inakubalika. "They told me", kwa hiyo "I was told". "They taught me", kwa hiyo "I was taught". Lakini "They explained me" haikubaliki, kwa hiyo "I was explained the procedure" nayo haifai. Sema "The procedure was explained to me". "They stole me" ina maana nyingine kabisa, na hapo ndipo unaposimama.

Bado kuna kitenzi kinachofuatwa na kitenzi kingine. Kiswahili kina "ku-" na "-e", na tunaitumia kwa karibu kila kitu. Kiingereza kimegawa. "Make" na "let" hazitaki "to": "The delay made us lose the order", "Let me know". "Allow" na "enable" zinaitaka: "The ice allowed us to keep the fish fresh". "Avoid", "enjoy" na "suggest" zinataka "-ing": "I suggest sending the samples today". Na kanuni moja isiyochosha: kitenzi kikija mara tu baada ya kihusishi, kinachukua "-ing". "Interested in working", "after finishing", "by reducing the cost". Ndiyo sababu tunaandika "I look forward to hearing from you". Ile "to" hapo ni kihusishi, kama "to" ya "to the office", na kwa hiyo "to hear" haiwezi kusimama.

Hatua ya tano: ile "-ni" ya mahali

Neno "ziwani" linatosha kwa somo zima. Kiswahili kinaweka "-ni" na kukiachia kitenzi kazi ya kueleza yaliyobaki. Kiingereza kinakulazimisha uamue.

Samaki wako ziwani: "The fish are in the lake", kwa kuwa wamo ndani ya maji. Wavuvi wako ziwani usiku kucha: "The fishermen are on the lake all night", kwa kuwa wako juu ya uso wa maji. Jumapili tulikuwa ziwani: "On Sunday we were at the lake", kwa kuwa ziwa hapa ni mahali tu pa kukutana, na hakuna aliyelowa. Wamekwenda ziwani: "They have gone to the lake." Wametoka ziwani: "They have come from the lake." Ndoo imetumbukia ziwani: "The bucket has fallen into the lake." Neno letu ni moja, vihusishi vyao ni sita.

Kwa hiyo ukikutana na "-ni", au "kwenye", au "katika", jiulize kwanza kama kuna mwendo. Kama upo, unaelekea wapi: kufika tu ni "to", kuingia ndani ni "into", kutoka ni "from", kutoka ndani ni "out of". Kama hakuna mwendo, je, kitu kimezungukwa? Ni "in". Kimegusa uso? Ni "on". Ni alama tu ya mahali? Ni "at". Ramani yetu ni zoezi zuri la kupima hilo. "Mwanza lies on the southern shore of Lake Victoria." "Ukerewe is an island in Lake Victoria." "The Kagera River flows into the lake, and the Nile flows out of it at Jinja." "The bridge across the Mwanza Gulf, between Kigongo and Busisi, opened in 2025." Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko: "Vehicles crossed the gulf by ferry." Angalia kwamba "cross", ikiwa kitenzi, haikuchukua kihusishi, ilhali "bridge", ambayo ni nomino, imechukua "across". Ni lile jambo la hatua ya nne, limerudi kwa sura nyingine.

Kwenye anwani na mahali pa kazi: mji na mtaa ni "in", yaani "in Mwanza", "in Kirumba". Barabara ni "on", kama "on Kenyatta Road". Kituo au jengo kama alama ni "at", kama "at Nyegezi bus terminal". Kwa hiyo "arrive" huchukua "in" kwa mji na "at" kwa kituo au uwanja wa ndege, na haichukui "to" hata siku moja. Hospitali ina mambo yake: aliyelazwa ni "in hospital", bila "the", kwa Kiingereza cha Uingereza ambacho ndicho tunachofundishwa, muuguzi anayefanya kazi hapo ni "at the hospital".

Vyombo vya usafiri vina mantiki ambayo mtu wa ziwa anaielewa haraka. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": "on the ferry", "on the bus". Chombo unachokaa tu ni "in": "in a canoe", "in a taxi". Daladala nayo ni "on", hata siku ambayo imejaa mpaka huwezi kugeuka.

Na "nyumbani" haihitaji kitu ukiwa na mwendo: "I went home." Acha "to".

Hatua ya sita: "kwa"

"Kwa" ni neno la kazi zote, na haina jibu moja kwa Kiingereza. Ichukue na neno linaloifuata. Kwa basi ni "by bus", lakini kwa miguu ni "on foot". Kwa kisu ni "with a knife". Kwa miaka mitatu ni "for three years". Kwa Kiingereza na kwa maandishi ni "in English", "in writing". Kwa meneja, ukipeleka kitu, ni "to the manager". Kwa niaba ya ni "on behalf of". Kwa mujibu wa ni "according to". Bei ni "at": "at 12,000 shillings per kilo".

Tofauti ya kuishika sana ni ya "by" na "with". Mtendaji ni "by", kifaa ni "with": "The fish is cleaned by trained workers with sharp knives." Pale Kiswahili kinapotumia "na" baada ya kitenzi cha kutendwa, mara nyingi ni "by", kinapotumia "kwa" na chombo cha kazi, ni "with".

Hatua ya saba: siku, saa na "hadi"

Mwaka na mwezi ni "in", siku na tarehe ni "on", saa ni "at": "in 1961", "on 9 December", "at 8 a.m." Ukiweka "last" au "next", kihusishi kinaondoka kabisa: "last Monday", wala si "on last Monday". "Between" inaambatana na "and", "from" inaambatana na "to". "Between 8 to 10" ni ndoa isiyofungwa.

Kinachoweza kukugharimu fedha ni "hadi Ijumaa". Kwa Kiswahili inaweza kuwa na maana mbili, na muktadha ndio unaoamua. Kwa Kiingereza "by Friday" ni siku ya mwisho ya kukamilisha jambo: "We will pay by Friday." "Until Friday" ni jambo linaloendelea mpaka siku hiyo: "The office is open until Friday." Mteja akisoma "We will pay until Friday" atabaki anajiuliza kama utakuwa unamlipa kila siku. Kwenye mkataba usikubali neno hili lipite bila kulitazama mara mbili. Na saa yenyewe igeuze kabla ya kuiandika: saa mbili asubuhi ni "8 a.m.", na mgeni aliyeandikiwa "2 a.m." hatakuwapo ofisini.

Hatua ya nane: weka yote kwenye barua moja

Hii ni barua niliyoitunga kwa makosa yanayojirudia, ya kuomba kazi ya msaidizi wa ubora kiwandani:

"Refer the heading above. Am a young man of 24 years old. I have finished my diploma in 2022 and I am living in Mwanza since I was born. I want to apply the post of quality assistant which you advertised it on last Monday. In my training I was taught how to check temperature by a thermometer and I was explained the rules of hygiene. I am ready to discuss about salary when you will call me. I am looking forward to hear from you."

Sentensi ya kwanza ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu" iliyovalishwa Kiingereza. "Refer" inataka "to", lakini afadhali uifute yote na uanze na unachokiomba. "Am" inataka "I". Umri uchague namna moja: "I am 24 years old". Mwaka 2022 umetajwa, kwa hiyo "have finished" inakuwa "completed". "Living since" inakuwa "have lived". "Apply" inapata "for", "it" inatoka, "on" inatoka. Kifaa ni "with". "I was taught" ibaki, maana imefaulu jaribio letu. "I was explained" imeshindwa. "About" itoke, "will" itoke, na mwisho "hearing". Barua inakuwa hivi:

"I am writing to apply for the post of quality assistant, which you advertised last Monday. I am 24 years old. I was born in Mwanza and have lived here all my life. I completed my diploma in 2022. During my training I was taught how to check temperature with a thermometer, and the rules of hygiene were explained to me. I am ready to discuss the salary when you call me. I look forward to hearing from you."

Hakuna neno gumu lililoongezwa. Msamiati ni uleule aliokuwa nao mwandishi.

Kwa kuendelea mwenyewe, tafuta kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, ile yenye sentensi za mifano, iwe ya karatasi au ya kwenye simu. Ukitafuta kitenzi usiishie kwenye maana. Soma mifano uone ni neno gani linakifuata. Baadhi huweka alama ya T kwa kitenzi elekezi, ambacho hushika mtendwa wake bila kihusishi, na I kwa kisicho elekezi. Weka daftari, na kila unachonakili kiwe sentensi nzima inayohusu kazi yako mwenyewe: muuza nyavu aandike sentensi za nyavu, muuguzi za wagonjwa, fundi boti za boti. Usiutegemee mstari mwekundu wa simu, kwa maana kazi yake kubwa ni tahajia, na "We paid the fish" haina kosa hata moja la tahajia. Kama barua si ya haraka, ilaze usiku mmoja, kisha asubuhi isome kuanzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ukitazama vitenzi ulivyopigia mstari tu.